Laptopu ya mtumba Kigoma: soma kizazi kabla hujatoa hela

Mdogo wangu alipopata nafasi ya chuo, tulizunguka Mwanga siku nzima kumtafutia laptopu. Tukaangukia moja yenye kibandiko cha i7, daraja la juu la prosesa za Intel (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta), inang'aa kama ya jana. Kufika nyumbani, inachukua dakika nne kuwaka, na mapajani haiwekeki kwa joto. Prosesa yake: i7-3520M, ya mwaka 2012. Ile ilikuwa hela ya mawese ya mama, na bado inaniuma.

Kwa hiyo acha kibandiko, soma namba. Tarakimu inayofuata kistari, au mbili zikianza na 1, ndiyo kizazi: i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Si vile vizazi vya kompyuta tulivyokariri darasani, vya mirija, transista, saketi na mikroprosesa, ila mwendo ni uleule. Kompyuta ya ENIAC ya mwaka 1946 ilikuwa na mirija ya kioo kama 18,000, uzito wa tani 30 hivi, na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Tangu hapo kazi inaongezeka, umeme unapungua. Ile i7 yetu ina viini (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) viwili na imepimiwa wati 35. I5-8250U ina viini vinne kwa wati 15. Umeme ukikatika usiku unaandika ripoti, utaiona tofauti hiyo kwenye betri.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni i5 ya kizazi cha 8 yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD (hifadhi ya kasi isiyozunguka) ya GB 256. Windows 11 kwa rasmi inaanzia hapo, ukiacha prosesa chache za kizazi cha 7, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

La pili ni kizazi cha 6 au cha 7. Kwa kuchapa na hesabu za duka inatosha kabisa, mradi iwe na SSD. Ikiwa na diski ya kuzunguka, punguziwa bei, fundi akubadilishie.

La tatu ni laptopu mpya ya Celeron, prosesa ya bei ya chini ya Intel, yenye RAM GB 4. Garantii inavutia, lakini mara nyingi RAM na hifadhi zimechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu.

i7 za kizazi cha 2 hadi cha 4? Ziache hapohapo.

Dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance: jina la prosesa na aina ya diski vyote viko pale. Kisha kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha betri ilitoka kiwandani na ujazo gani na sasa inajaa kiasi gani. Ilianza na mWh 50,000, leo 20,000? Hesabu gharama ya betri mpya kwenye bei. Mwisho chomoa chaja, weka video dakika ishirini, kaa uitazame. Muuzaji akikataa chaja isichomolewe, mshukuru, nenda duka la pili.