Waliniuzia betri, ugonjwa uko kwenye pedali

Ningependa kuitendea haki gereji hii ya Ilala, kwa kuwa iliwahi kunibadilishia bushi na shoki kwa kazi safi isiyo na ubishi. Suala la kruzi, ule mfumo wa gari kushika lenyewe mwendo uliouseti bila kukanyaga mafuta, hata hivyo, limewaumbua.

Gari langu la Kijapani liligoma kushika mwendo katika barabara ya Dodoma kwenda Singida: taa ya kruzi inawaka kwenye dashibodi, lakini nikiseti mwendo, hakuna kinachotokea. Baadaye betri nayo ikawa inaamka haina nguvu, na jirani akanieleza kuwa taa zangu za breki zinawaka usiku kucha. Nilimpa msimamizi wa gereji habari hizo zote kwa pamoja. Bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, alinijibu: "Mzee, kruzi ni ya barabara za Ulaya. Wewe nunua betri uendelee na safari."

Betri hiyo haikumaliza wiki. Niliporudi, walichomeka mashine ya kupima hitilafu, kisha wakanipigia hesabu ya kubadilisha waya wa ndani ya usukani, ilhali honi ilikuwa inalia vizuri na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva kwenye ajali) haikuwa imewaka, mambo ambayo kwa kawaida huharibika waya huo unapokatika.

Fundi umeme mmoja kijana, mwenye kibanda kando ya barabara, alilala chali chini ya usukani na kuokota kwenye kapeti vipande vya plastiki vilivyosagika. Plastiki hiyo huziba tundu la mkono wa pedali, pale unapokandamiza swichi ya taa za breki. Ikimomonyoka kwa uzee, pini ya swichi hupenya tunduni, taa za breki huwaka hata gari likiwa limezimwa, betri hunyonywa, na kompyuta, ikidhani dereva amekanyaga breki, huikatalia kruzi. Alipachika kipande kipya, tukaenda kujaribu gari, na kruzi ikashika.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota tatu, kwa heshima ya zile shoki. Kisha nikarudi kuomba wachukue betri yao, naye msimamizi akaniuliza: "Si gari limepona?" Basi nyota ni moja, na hiyo nayo naitoa kwa shingo upande, maana waliniruhusu kuingia barabarani usiku, malori yakiwa nyuma yangu, huku wakijua kwamba taa zangu za breki hazizimiki.