Kulala kwa mkulima wa karafuu Tidore: maoni ya Mpemba

Wapemba wenzangu mnaoniuliza kama ile nyumba ya wageni ya Tidore, kisiwa cha Indonesia, inafaa, jibu langu ni hili: inafaa, na kwa mtu aliyekulia kwenye karafuu inafaa kuliko hoteli yoyote utakayoilipia Bali. Nilikuwa nikisoma Makassar, nikaenda wakati wa likizo, na baadaye nikarudi tena kwa kupenda kwangu.

Nyumba ipo Gurabunga, kijiji kilichokaa juu ubavuni mwa Kie Matubu, volkano ya zaidi ya mita 1,700 ambayo ndiyo kisiwa chenyewe. Unashuka ndege Ternate, kisiwa cha jirani, unakwenda bandari ya Bastiong, unapanda boti ya kasi hadi Rum. Ni dakika chache tu. Hata mwenye kuchafukwa na roho kwenye boti ya Unguja atavuka salama. Kutoka Rum unachukua bodaboda ikupandishe mlimani. Jioni ukungu unashuka na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Chukueni sweta.

Chumba ni cha kawaida: kitanda, chandarua, kabati, sakafu ya saruji. Shuka ni safi. Choo kiko nyuma ya nyumba na mnatumia pamoja, unaoga kwa ndoo na kata, maji baridi. Tangazo la mtandaoni linaonyesha kibaraza kinachotazama bahari, na kibaraza hicho ni cha nyumba nyingine. Hilo ni la dalali, si la wenyeji, nao nimewaambia wamtake aibadilishe picha. Umeme nao hukatika, na ukikatika watoto wanasoma kwa taa ya simu.

Chakula ndicho kilichonisahaulisha choo. Asubuhi Ibu, ndivyo tunavyomwita mama mwenye nyumba, analeta ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba na kukaangwa mpaka zikakauka, unachovya kwenye pilipili ya kusaga. Jioni ni papeda, wanga wa sago uliokorogwa kwa maji ya moto mpaka ukavutika kama gundi. Unauzungusha kwa vijiti viwili, unautia kwenye mchuzi wa manjano wa samaki, unameza bila kutafuna. Ulinishinda. Ibu aliona, akanyanyuka, akanirudia na mhogo wa kuchemsha, na tangu hapo mhogo ukawa haukosekani upande wangu wa mkeka. Usiku tunakunywa tangawizi ya moto yenye lozi za kenari zikielea juu.

Lakini sikufuata chakula. Nilifuata karafuu. Mikarafuu yetu yote, ya Mtambwe, ya Ole, ya kila bonde la Pemba, asili yake ni visiwa vidogo vya upande huu: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Wageni wengi hukomea Ternate, wakapiga picha ya Maitara na Tidore kama zilivyochorwa kwenye noti ya zamani ya rupia 1,000, kisha wakaondoka. Mimi nawaambia vukeni.

Hapa hakuna maonyesho ya watalii. Bapak, yaani baba mwenye nyumba, anapanda ngazi ya mianzi iliyofungwa kwa kamba, Ibu yuko chini na saloi mgongoni, kikapu chao cha kubebea, na wewe ukitaka kusaidia unasaidia. Jioni nyumba nzima inakaa kuzunguka rundo. Nilipewa fungu langu nikachambua kama alivyonifunza mama: unashika shada kwa konyo, unalikandamiza kwenye kiganja na kulizungusha, karafuu zinapukutika, konyo linabaki mkononi. Bapak alinitazama, akamwita jirani aje aone. Kuanzia jioni ile hakuna aliyeniuliza tena kama nimechoka.

Nilimpigia mama kwa vidio tukiwa bado tunachambua. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa sita: kwao Isha imekwisha, Mtambwe watu ndiyo kwanza wanatoka Adhuhuri. Mama alitaka kwanza kujua makonyo yanakwenda wapi. Nilipomwambia nayo yanauzwa, kama yetu yanavyokwenda kukamuliwa mafuta Wawi, akaridhika. Kisha akasema, "Mwambie dada yangu avute jamvi ndani, umande utaziharibu rangi." Nikamfasiria Ibu. Ibu akavuta jamvi.

Ukikaa na Bapak usiku utapata historia ambayo skuli hatukuipata. Mwaka 1652 Waholanzi walimbana Sultani wa Ternate akubali mikarafuu ing'olewe katika himaya yake, ili karafuu ibaki Ambon chini ya kampuni yao peke yake. Nikamweleza kwamba kwetu, karne mbili baadaye, Sayyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Alikaa kimya, halafu akauliza kama wapandaji walilipwa. Ilibidi nimweleze habari ya watumwa.

Kwa bei tulibishana. Kwetu mnunuzi halali ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, bei inatangazwa, mama anajua thamani ya kilo ya daraja la kwanza kabla mchumaji hajapanda mti. Bapak anauza kwa wafanyabiashara wa Ternate na asubuhi anapiga simu kuulizia. Bei ikiwa nzuri anashusha gunia, ikiwa mbaya anasubiri, kama ada ya skuli inamruhusu kusubiri. Mimi niliusifia utaratibu wetu. Yeye akanikumbusha kuwa na wao waliwahi kuwa na mnunuzi mmoja, BPPC, shirika aliloliongoza Tommy, mtoto wa Rais Suharto, mpaka likavunjwa 1998 kwa masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Wakati wa shirika hilo bei ya mkulima iliporomoka, kuna walioacha kuchuma na kuna waliokata miti. Baba yake alikata. Sikuwa na hoja ya kumrudishia. Na wazee wa Wete wanajua upande wa pili wa habari hii: karafuu zetu nyingi zilikuwa zikinunuliwa na Indonesia kwa ajili ya kretek, sigara zao za tumbaku iliyochanganywa na karafuu, mpaka miaka ya 1980 wakajitosheleza kwa za kwao, na sisi tukabaki na magunia.

Kijana wao mkubwa yuko Weda, Halmahera, kwenye viwanda vya nikeli, na mshahara wake wa kila mwezi ni kitu ambacho mkarafuu hauwezi kuahidi. Kwa hiyo Bapak, na umri wake, anapanda mwenyewe, au anatafuta wachumaji wa kugawana nao mavuno. Pesa ya chumba imeziba pengo hilo. Ibu alinionyesha daftari lake: jina la mgeni, tarehe, na pembeni kaandika pesa ilikokwenda. Nyingi imekwenda kwa binti yao anayesomea ualimu Ternate, anayesema atarudi kufundisha hapa hapa. Namwombea arudi. Kwetu vijana wako Nungwi mahotelini na Muscat, na mikarafuu ya marehemu babu tumeikodisha kwa mtu wa Chake kwa sababu hakuna wa kuipanda. Chumba cha nyuma cha mama kipo kitupu, na nimeanza kumshawishi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Wakitengeneza choo nitaongeza ya tano. Bei ni ndogo na milo miwili imo. Mpigie Ibu kwanza umuulize kama mikarafuu imezaa, maana kama yetu haizai sawasawa kila mwaka. Ukifika mlipe mkononi, rupia taslimu, usipitie kwa dalali: anachokikata yeye kinatosha nauli ya binti kwenda na kurudi chuoni.