WinDbg imemkamata mwizi, huduma kwa wateja inasingizia chumvi ya Tanga

"Kaka, hapo kwenu Tanga chumvi ya bahari imeshakula RAM, nunua nyingine." Ndivyo nilivyojibiwa na waliouza mizani ya ghala la katani, wakati kompyuta ya Windows 7 inagoma kwa skrini ya bluu, msimbo 0x19 (kichwa cha kipande cha kumbukumbu kimeharibika), marobota machache tu yakipimwa. Faili la MEMORY.DMP, nakala ya kumbukumbu ambayo Windows huhifadhi inapoanguka, hawakuliulizia hata kidogo!

WinDbg, programu ya Microsoft ya kuchunguza faili kama hilo, nayo mwanzoni ilinichefua. Amri yake ya uchambuzi, !analyze -v, mara nyingi humtaja aliyeukuta uharibifu, si aliyeufanya. Ilitaja draiva (programu inayoendesha kifaa) ya mtandao, maskini, iliyokuwa inaachilia tu kipande chake cha kumbukumbu. Anayeishia hapo ataing'oa draiva isiyo na kosa. Kwa hilo nilikuwa naipa WinDbg nyota mbili, na hizo kwa huruma.

Lakini piga !pool, inayoorodhesha vipande vya kumbukumbu, kwa anwani ya kipande kilichoharibika, kisha db, inayoonyesha baiti zenyewe, kuanzia kwa jirani aliyetangulia. Nikasoma kwa macho yangu: ST,GS,+00250.0kg. Uzito wa robota! Herufi 16 zimejaza kipande cha baiti 16 mpaka ukingoni, na 0d 0a za kumaliza mstari zimelala juu ya kichwa cha kipande kinachofuata, pale Windows inapoweka taarifa za kipande hicho. Mizani inatuma baiti 18, draiva yake imetenga 16. Chumvi gani ya bahari inayoandika 0d 0a, pale pale, kila dampu?

Hizo ni nyayo tu. Kumshika mkono, tumia verifier, chombo cha Windows cha kuzibana draiva: andika verifier /flags 0x1 /driver pamoja na jina la draiva hiyo moja, uwashe mashine upya. Kila ombi la draiva hiyo litawekwa mwisho wa ukurasa wa baiti 4096, na ukurasa unaofuata umefungwa. Baiti ya 17 ikigusa, skrini ya bluu ya 0xD6 papo hapo, na amri ya k ya WinDbg, inayoorodhesha fanksheni zilizokuwa zinaitana, inaonyesha iliyoandika. Usiziwekee draiva zote mtego huu: baiti 16 zinakula ukurasa mzima, mashine itakwama. Na kwenye Windows ya biti 64, ombi lisilogawanyika kwa 16 huachiwa baiti za kujazia; ukivuka humo tu, utashikwa wakati wa kuachilia, kwa 0xC1. Ukimaliza, zima mtego kwa verifier /reset.

Nyota nne. Hapana, tano, maana kosa la !analyze ni la anayeisoma kama hukumu. Wale wa mizani niliwatumia baiti zote, zimepigiwa mstari. Wakajibu: "RAM umeshabadilisha, kaka?"