Televisheni ya ukumbini: ipi ununue Unguja na Pemba, na ipi uiache dukani

Ukiingia maduka ya vyombo vya umeme Darajani au Mlandege utakuta televisheni zimepangwa ukutani, zote zimewashwa, zote zinaonesha kasuku, maua na samaki wa rangi. Zote zinapendeza. Zimewekwa kwenye hali ya duka, mwanga umepandishwa hadi mwisho, na video yenyewe imetengenezwa ili hata kioo duni kivutie. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muombe muuzaji abadilishe picha iwe ya kawaida, kisha aweke mpira kutoka kwenye king'amuzi. Kamera inapofuata mpira kutoka goli moja hadi la pili, tazama majani. Kioo kibovu kitaonesha michirizi ya wima, kiza kiza, imesimama palepale huku uwanja ukipita, na mchezaji anayekimbia ataacha ukungu nyuma yake. Mtoto wa duka akikataa kuweka mpira, nenda duka la jirani.

Jambo la pili ni pahala mnapokaa. Sifa za kwenye boksi ameandikiwa mtu aliyekaa kwenye sofa, macho yake katikati ya kioo. Kwetu watoto wako chini kwenye mkeka, bibi yuko kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango, na siku ya fainali kuna mtu amesimama dirishani. Vioo vingi vya LED ni vya aina mbili. Kuna VA, ambacho weusi wake ni weusi kweli, lakini ukikaa upande rangi zinapauka. Kuna IPS, ambacho usiku taa zikizimwa weusi wake unaelekea kijivu, lakini rangi hazibadiliki sana ukikaa pembeni. Nyumba yenye watu wengi ichukue IPS, na anayetazama peke yake usiku achukue VA. Muuzaji mara nyingi hajui ni kipi, wala huna haja ya kubishana naye: chuchumaa mbele ya televisheni, halafu sogea upande mpaka uwe kwenye kona, ukiutazama uso wa mtangazaji. Ukiona umepauka kama umepakwa poda, umeshapata jibu.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza ni LED ya kawaida ya 4K (yaani kioo chenye nukta nyingi zaidi za picha), inchi 43 hadi 50, ya kampuni yenye jina: Samsung, LG, Hisense au TCL. Inchi hupimwa kwa mshazari. Inchi 43 ina upana wa kama sentimita 95, inchi 55 kama 122. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita tatu hivi, na ukitundika inchi 65 humo utakuwa unageuza shingo kufuata mpira. Na 4K yenyewe isikuchukue akili. Chaneli nyingi za king'amuzi haziko kwenye 4K, na sinema ya 4K kwa intaneti inataka kasi ya takriban megabiti 15 kwa sekunde bila kukatika, bando litakwisha hujui limekwenda wapi. Cha maana ni jinsi televisheni inavyoikuza picha ndogo bila kuifanya ukungu, ndiyo maana ni lazima uijaribu kwa chaneli unayoitazama kila siku. Hakikisha pia mfumo wake ni Google TV, Tizen, webOS au VIDAA. Zipo zenye Android ya simu iliyopachikwa tu kwenye kioo, na hizo YouTube inaweza kugoma usijue pa kuilalamikia.

Ya pili ni QLED au Mini LED ya inchi 55, kwa mwenye nafasi na ukumbi wenye madirisha makubwa. QLED ni LED ileile iliyoongezwa tabaka la chembe za kukoleza rangi, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni teknolojia ngeni. Mini LED ndiyo yenye faida ya kuonekana kwa macho: nyuma ya kioo kuna taa ndogo nyingi zinazofifia sehemu kwa sehemu, mwezi ukawaka na mbingu ikabaki nyeusi. Mpenzi wa mpira aulizie hezi 120 za kioo chenyewe, yaani picha 120 kwa sekunde, siyo ile namba kubwa ya "motion" iliyobandikwa pembeni. Na HDR, ile ya kupanua tofauti ya mwanga na kiza kwenye picha, kwenye kioo chenye mwanga wa niti (kipimo cha ung'avu) 250 au 300 ni stika tu.

Inchi 32 naiweka ya tatu, kwa chumba cha kulala au cha kupanga. Nyingi zina nukta 1366 kwa 768 na hiyo inatosha. Inakula wati 30 hadi 50, Tukuza, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, haitahisi.

Nne ni za kontena, yaani zilizotumika. Hapa pana bahati na pana hasara. Za Uingereza zinafaa: umeme wao ni volti 230 kama wetu na plagi ni ileile ya meno matatu ya pembe. Za Japani ni habari nyingine. Umeme wa kule ni volti 100, na antena yao hufuata mfumo wa ISDB-T wakati sisi tunatumia DVB-T2. Igeuze usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V utaitumia kwa king'amuzi na HDMI. Kikisema 100V peke yake, ukiichomeka ukutani utasikia harufu kabla ya kuona picha. Iache iwake nusu saa, weka picha ya kijivu kitupu, ukague kona na nukta zilizokufa.

OLED inakuja ya tano, na najua wapo watakaonuna. Picha yake ndiyo nzuri kuliko zote, kila nukta inajiwakia na kujizima. Lakini nyumba nyingi televisheni inawaka tangu asubuhi kwenye chaneli moja, na nembo ya kituo ikikaa pahala pamoja miezi na miezi inaweza kubakisha alama kwenye kioo. Kwa mtu wa sinema za usiku, haina mpinzani.

Za mwisho ni zile zisizo na jina, zilizoandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko nembo. Nenda na flashi yenye picha ya ukurasa wa maandishi madogo sana. Kioo cha 4K cha kweli kitakuwezesha kuyasoma ukisogea karibu. Cha uongo yatavurugika.

Mwanafunzi wa chuo anaweza kuruka yote haya akanunua monita ya ofisini ya inchi 24 iliyotumika, aunganishe king'amuzi kwa HDMI. Nyingi hazina spika, kwa hiyo angalia kama ina tundu la sauti.

Vyovyote uchukuavyo, ongeza pesa ya gadi ya umeme. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na waliokuwapo 2008, na tena kuanzia Desemba 2009, wanakumbuka giza lilivyokaa. Siku hizi hatari siyo kukatika, ni kurudi kwa kishindo. Gadi nzuri husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Radi za masika zikianza, chomoa na waya wa dishi pia. Kwa walio karibu na maji, Nungwi au Jambiani, chumvi hula vyuma vya ndani: iache mbali kidogo na ukuta ipate hewa, na iwashwe mara kwa mara, joto lake hukausha unyevu.

Anayeivusha Dar aulizie ushuru kabla hajalipa dukani. Wa Pemba asikubali ilazwe kwenye boti ya Mkoani wala juu ya gari: kioo husafiri kimesimama, ndani ya boksi na maboya yake. Ifungueni na kuiwasha mbele ya muuzaji, risiti iandikwe namba ya mashine, maana dhamana ya mwaka kwa kawaida haihusu kioo kilichopasuka.