Pawabenki Nairobi: ipi ilale chumbani mwako na ipi uiache dukani

Usiku mmoja mwaka juzi niliamshwa na harufu tamutamu, kama ya ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Pawabenki niliyokuwa nimeiacha ikichaji kando ya mto ilikuwa imefura hadi ganda likaachana katikati. Nilizima soketi, nikaisukumia kwenye sufuria kwa mwiko, nikateremka nayo orofa tatu hadi uani, nikakaa mbali nayo mpaka kukapambazuka. Ninaishi bedsita. Godoro la sponji, pazia na mlango mmoja tu. Lau ingewaka, sijui ningepitia wapi.

Fundi wangu wa simu alikataa kuigusa mpaka ikae nje siku mbili. Alipoifungua tukakuta seli nne za mviringo. Mbili zilikuwa zimetolewa kwenye betri kuukuu ya laptopu na kuvishwa plastiki mpya ya bluu. Mbili zilikuwa zimejazwa mchanga. Kwenye ganda palikuwa pameandikwa 50,000mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba), na mimi niliinunua kwa sababu ya nambari hiyo.

Kwa hivyo sasa nikienda kununua, kwanza naangalia kama nambari inaweza kuwa ya kweli. Seli ya mviringo iliyozoeleka, ile iitwayo 18650, hata ikiwa ya hali ya juu hubeba takriban 3,500mAh na huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Kufika 50,000 unahitaji seli kama 15, yaani gramu 700 kabla hata hujaweka ganda. Ile yangu ilikuwa inaingia mfukoni. Mwenye kudanganya kuhusu ukubwa hana sababu ya kukuwekea saketi ya ulinzi, ile inayokata umeme betri ikijaa, ikipata joto au ikipiga shoti. Ndani ya seli, upande chanya na hasi umetenganishwa na utando mwembamba sana uliolowa kimiminika kinachoshika moto. Utando ukitoboka, pande zinagusana, joto linazaa joto jingine, na hapo kuchomoa waya hakusaidii tena.

Basi hivi ndivyo ninavyozipanga, kuanzia ninayoiamini zaidi. Nafasi ya kwanza: zenye betri ya LFP, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati. Kwenye lebo huandikwa LFP au LiFePO4. Zinastahimili joto kali zaidi kabla ya kuharibika, na huchajiwa mara nyingi zaidi kuliko lithiamu ya kawaida. Kasoro yake ni uzito na bei, na zile za kubeba mfukoni ni adimu. Utazipata zaidi kama masanduku ya kuwashia taa na WiFi stima ikipotea, katika maduka ya sola. Kama pawabenki yako haitoki nyumbani, weka akiba ununue hii.

Ya pili: 10,000mAh ya kampuni inayojulikana, kutoka duka la wakala wake. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu wa matatu na ofisi. Ishike mkononi: iwe na gramu 180 hadi 250. Soma maandishi madogo nyuma. Ya kweli huonyesha 37Wh (Wh ni kipimo cha nishati yote iliyomo), na pia kiasi kinachofika kwenye simu, mara nyingi 6,000 na kitu. Usishtuke, huo ndio ukweli, kwa sababu umeme hupandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 na sehemu hupotea njiani. Mimi huwa na imani zaidi na lebo inayokubali upungufu huo. Kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kina nambari unayoweza kuihakiki kwa SMS kwenda 20023. Fanya hivyo hapo hapo dukani, kabla ya kulipa.

Tunza risiti na nambari ya modeli, maana hata jina kubwa hukosea. Samsung iliwataka wateja warudishe simu zake za Galaxy Note 7 mwaka 2016, na Juni 2025 kampuni ya Anker iliita zirudishwe zaidi ya pawabenki milioni moja za PowerCore 10000 zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya moto.

Ya tatu: 20,000mAh ya ubora huo huo. Ni nzuri kwa safari za mashambani, lakini kumbuka umebeba nguvu maradufu, na ikiwaka huwaka hivyo. Ni 74Wh, chini ya kikomo cha 100Wh cha ndege, na hukaa kwenye mkoba unaoingia nao, kamwe si kwenye sanduku la mizigo.

Ya nne: ya mitumba, hata ya jina zuri. Huwezi kujua iliangushwa mara ngapi. Mimi sinunui.

Ya mwisho: ya kandokando ya barabara, nambari kubwa, bei ya soda. Pale barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, wiki jana kijana alinionyesha moja. "Dada, hii ni 60,000, unachaji wiki nzima!" Nikamwomba tuipime kwa kimizani changu cha jikoni, siku hizi hutembea nacho. Gramu 160. Akanyamaza, akairudisha kwenye meza, akanionyesha ya 10,000 iliyokuwa chini ya kaunta.

Ukishanunua, ichaji ukiwa macho, juu ya vigae au saruji, mbali na godoro na njia ya mlangoni. Isiachwe ndani ya gari lililopaki juani. Ikianza kufura, usiitoboe wala kuitupa kwenye pipa la ploti. Iweke nje kwenye chombo cha chuma, kisha ipeleke wanakopokea taka za umeme, kama WEEE Centre hapa Nairobi, na uwaambie mapema kwamba imefura. Ikiwaka, toa watu kwanza. Moto ukiwa bado mdogo, imwagie maji mengi kutoka mbali, uendelee hata miali ikizimika, kwa sababu seli ya pili huweza kulipuka baada ya dakika kadhaa. Na usiuvute moshi wake.