Mafunzo ya malengo yanayopimika kwa timu za ruzuku: yanafaa, lakini ulizeni maswali kabla ya kulipa ada

Timu nyingi za usimamizi wa ruzuku katika mashirika yetu ya Tanzania huanza mwaka wa fedha zikiwa na malengo ambayo, mwaka ukiisha, hakuna anayeweza kusema kama yalifikiwa au hayakufikiwa. "Kuimarisha uhusiano na wafadhili", "kuboresha taarifa", "kuwajengea uwezo wabia": maneno haya hupita katika vikao vyote bila kupingwa kwa sababu hayambani mtu yeyote. Ndiyo maana nilifurahi shirika letu lilipokubali kuilipia timu nzima mafunzo ya siku tatu yanayotolewa jijini Dar es Salaam na kampuni moja ya ushauri, mafunzo ambayo kazi yake ni hiyo tu ya kuifundisha timu ya ruzuku kuandika malengo yanayopimika na kuyafuatilia. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kwa watu waliosoma kwingine, na nia yangu ni kumsaidia yeyote anayenunua huduma ya aina hii.

Jambo la kwanza linalostahili sifa ni namna mafunzo yanavyoanza. Mwezeshaji hakukimbilia uandishi wa malengo. Aliitaka kila timu iweke mezani orodha ya kazi zake zote za mwaka, kuanzia kusoma tangazo la ruzuku hadi kufunga mradi na kurudisha bakaa kwa mfadhili, kisha iseme ni zipi zinategemea juhudi zake yenyewe na ni zipi zinategemea uamuzi wa mtu mwingine. Zoezi hili lilichukua nusu siku nzima, na naona lilistahili muda huo. Mashirika mengi huzipima timu zao za ruzuku kwa kiasi cha fedha kilichopatikana, ilhali uamuzi wa kutoa fedha ni wa mfadhili. Waliokuwa wakitegemea fedha za Marekani wanaujua uzito wa hoja hii: tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na timu zilizokuwa zimetimiza kila wajibu wao zikabaki na miradi iliyosimama. Aliyejiwekea lengo la dola peke yake alionekana ameshindwa. Aliyejipima kwa ubora wa maandiko, kwa kuyakamilisha mapema na kwa idadi ya wafadhili wapya aliowafikia, bado alikuwa na kitu cha kuonyesha na cha kurekebisha.

Kanuni ya SMART, inayotaka lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu aliyekabidhiwa, liwezekane na liwe na muda maalumu, iliyoandikwa na George Doran mwaka 1981, ilipitiwa haraka, na sikuona ubaya wowote. Wengi wetu tumeisikia mara nyingi, na waliowahi kujaza fomu za OPRAS, yaani za mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, katika utumishi wa umma wanajua kwamba mtu anaweza kuikariri kanuni hiyo na bado akajaza fomu kwa mazoea. Msisitizo uliotolewa ulikuwa mmoja, nao ni sahihi: Doran alitaka kila lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa. Lengo linalosimamiwa na "timu" halisimamiwi na mtu. Tulitakiwa kuandika cheo cha afisa mmoja mbele ya kila lengo, hata pale ambapo kazi inafanywa na wanne.

Sehemu iliyokuwa na manufaa makubwa zaidi kwangu ni ile ya taarifa kwa wafadhili, na hapa nitakaa kidogo. Lengo lililozoeleka ni kwamba asilimia 95 ya taarifa ziwasilishwe kwa wakati. Linapendeza kusomeka, lakini chukua shirika lenye wafadhili wanne, kila mmoja akidai taarifa ya fedha ya kila robo mwaka. Hizo ni taarifa 16 kwa mwaka. Ikichelewa moja tu, shirika limefikia asilimia 93.75, yaani limekosa lengo. Kumbe asilimia 95 kwa shirika la ukubwa huo maana yake ni kutochelewa kabisa, na aliyeandika lengo hilo huenda hakulikusudia. Mwezeshaji alitushauri tuachane na asilimia pale ambapo jumla haifiki hata 20, tuandike idadi kamili: taarifa ngapi kati ya ngapi. Ni ushauri mdogo, lakini uliyabadilisha malengo yetu matatu papo hapo.

Vilevile tulifundishwa kutopima tarehe ya mwisho ya mfadhili peke yake, kwa sababu siku hiyo ikifika hakuna kinachoweza kurekebishwa tena. Chini ya kanuni za serikali ya Marekani zijulikanazo kama 2 CFR 200, mpokeaji mkuu wa ruzuku ana siku 120 baada ya mradi kwisha kuwasilisha taarifa zake za mwisho, naye mpokeaji mdogo, yaani mbia anayepewa sehemu ya fedha hizo, ana siku 90 za kumpelekea mpokeaji mkuu za kwake. Katikati zinabaki siku 30 za kukagua, kuuliza maswali, kurudishiwa majibu na kuunganisha hesabu. Kwa hiyo lengo lenye maana kwa timu ni la ndani: taarifa ya kila mbia ifike siku fulani, maswali yatumwe ndani ya siku tano za kazi, rasimu iwe mezani kwa mkurugenzi wa fedha wiki moja kabla. Hatua hizi zikipimwa kila moja, uchelewaji huonekana unapoanzia, na mara nyingi hauanzii kwa afisa ruzuku anayelaumiwa. Ningependa mafunzo yangeendelea kidogo hapo, kwa sababu taarifa ya timu ya ruzuku hutegemea takwimu za maofisa wa programu na za kitengo cha ufuatiliaji na tathmini, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyealikwa ukumbini.

Somo la kupima muda wa kupeleka fedha kwa wabia nalo lilikuwa zuri. Tulipewa mfano wa wabia watano waliopokea fedha yao ya kwanza siku 9, 11, 12, 14 na 74 baada ya kusaini mkataba. Wastani ni siku 24, ingawa hakuna mbia aliyepokea karibu na siku hiyo, ilhali namba ya katikati ni 12. Ukiripoti wastani peke yake unawaonea wafanyakazi waliofanya kazi vizuri; ukiripoti namba ya katikati peke yake unamficha mbia aliyengoja zaidi ya miezi miwili huku wanakijiji wakimwuliza mradi utaanza lini. Tuliambiwa turipoti namba ya katikati pamoja na kisa kibaya kuliko vyote, pamoja na maelezo yake. Nimeupenda utaratibu huu kwa sababu unamkumbusha msomaji wa taarifa kwamba nyuma ya siku hizo 74 kuna watu.

Sasa nije kwenye lengo ambalo silikubali hata kidogo. Kijitabu cha mafunzo kinapendekeza kwamba timu ijiwekee shabaha ya kutumia asilimia 95 ya bajeti ya kila robo mwaka. Mwanauchumi Charles Goodhart alionya mwaka 1975 kwamba kipimo kikishatumiwa kuwabana watu huacha kuaminika, na wanaofanya kazi katika ofisi zetu wanajua jinsi jambo hilo linavyotokea: wiki ya mwisho ya robo mwaka masurufu, yaani fedha ambazo mtumishi hupewa kwanza na kuzitolea hesabu baadaye, hutolewa kwa wingi na kuandikwa kama matumizi, warsha zisizokuwa kwenye mpango huitishwa, na vifaa hununuliwa kabla havijahitajika. Miezi michache baadaye masurufu hayajarejeshwa, stakabadhi hazionekani, na mkaguzi anaandika gharama zisizokubalika ambazo shirika litazilipa kutoka mfukoni mwake. Kipimo kilicho salama ni tofauti kati ya matumizi halisi na makadirio ambayo meneja wa mradi mwenyewe aliyatoa mwanzoni mwa robo, tuseme isizidi asilimia 10 juu au chini, na kila tofauti iandikiwe sababu. Hapo anayepimwa ni yule aliyeandaa makadirio, na kutumia kidogo kwa sababu ya mvua au uchaguzi hakumgeuzi mtu kuwa mzembe. Nilitoa hoja hii ukumbini na mwezeshaji aliisikiliza kwa heshima, lakini kijitabu kiliendelea kusomwa kama kilivyo.

Kuhusu hoja za ukaguzi, mafunzo yalipatia. Yalikataza lengo la "hati isiyo na hoja hata moja", kwa kuwa lengo la namna hiyo humshawishi mtu kuficha, na badala yake yakapendekeza kupima siku zinazopita tangu hoja itolewe hadi ifungwe, pamoja na idadi ya hoja zilizojirudia kutoka mwaka uliotangulia. Hoja inayojirudia ndiyo inayowaogopesha wafadhili.

Kasoro mbili nyingine zinahusu maandalizi. Kwanza, kijitabu bado kinasema kwamba shirika lisilo na makubaliano maalumu ya kiwango na serikali ya Marekani hudai gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za uendeshaji wa jumla zisizohusu mradi mmoja, kwa kiwango cha hadi asilimia 10, ingawa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 yalikipandisha hadi asilimia 15. Timu itakayoweka lengo la kurejesha gharama hizo kwa namba ya zamani itaacha fedha halali mezani mwaka mzima. Pili, hakukuwa na neno lolote kuhusu wajibu wetu wa kisheria hapa nchini. Kanuni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, zinaagiza mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ipelekwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 tangu isainiwe. Hilo ni lengo linalopimika ambalo tayari tumeandikiwa na sheria, na mafunzo yanayouzwa Dar es Salaam yalipaswa kuanza nalo.

Jedwali la Excel ambalo kila timu hupewa mwishoni ni zuri. Halihitaji intaneti, jambo ambalo ofisi zetu za mikoani zitalishukuru, na linaonyesha kwenye ukurasa mmoja lengo, hali ya awali, afisa anayehusika na hali ya mwezi huo. Halina mapambo, na linachapika vizuri kwenye karatasi moja ya A4.

Kwa maoni yangu mafunzo haya yanaifaa timu ambayo tayari ina kumbukumbu za angalau mwaka mmoja. Wenzetu waliokuja bila orodha ya taarifa walizotuma na tarehe walizozituma walishindwa kuandika hali yao ya awali, wakabahatisha namba, na lengo lililojengwa juu ya namba ya kubahatisha halitawasaidia. Ada hutozwa kwa timu na si kwa kichwa, kwa hiyo mjadiliane na kampuni ili mwende na mhasibu mmoja pamoja na ofisa mmoja wa programu, hata ikibidi mmoja wa maofisa ruzuku abaki ofisini. Ombeni kijitabu mapema, angalieni ukurasa wa gharama zisizo za moja kwa moja, na kama bado unataja asilimia 10, waambieni wakirekebishe kabla hamjasaini.