Eti nizime faiwoli! Uzoefu wangu na seva ya kukodi ya bakapu

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Hawa jamaa wanakodisha seva za kuhifadhia bakapu (nakala za akiba) hapa Dar es Salaam, nasi kila usiku tunawapelekea kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati kwa programu ya Bacula. Muda mrefu sikuwa na neno nao. Majuzi wakagusa faiwoli yao, yaani ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, bila kumtaarifu mteja yeyote, na tangu siku hiyo kila kazi ya bakapu ikawa inaanza vizuri, halafu inakwama.

Mwenye kuijua Bacula hapo hapo angeelewa. Dairekta, sehemu ya Bacula inayoongoza kazi zote, ambayo iko kwao, inaiamsha mashine yetu kupitia poti 9102 (poti ni kama mlango wenye namba kwenye mashine). Baada ya hapo ni mashine yetu yenyewe inayoitafuta hifadhi kwenye poti 9103 ili imwage data. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi, wa pili umefungwa, na wa pili uko kwao! Nilijaribu 9103 kutoka kwetu, kimya kabisa. Kama tatizo lingekuwa programu ya hifadhi kuzimika, seva ingenikatalia papo hapo. Kimya cha namna ile ni cha faiwoli inayomeza pakiti (vifurushi vya data) bila kujibu.

Nikapiga simu, nikamweleza kijana wa huduma kwa wateja yote haya. Akanikatiza: "Kaka, mbona ping inafika? Mtandao uko poa." Ping! Hicho ni kijaribio tu cha kuona kama mashine inaitika, kinapita kwa ICMP, njia ya mawasiliano isiyo na poti hata moja. Kufika kwake hakusemi lolote kuhusu 9103. Nikamwambia hivyo kwa upole. Akacheka, kisha akasema, "Basi zima hiyo faiwoli yako yote, mbona mnajisumbua?"

Nizime faiwoli? Kwenye mashine yenye majibu ya vipimo vya watu, vya UKIMWI vikiwemo? Anayeshauri hivyo hastahili kukabidhiwa hata nenosiri la Wi-Fi. Tena akaifunga tiketi yangu ya malalamiko na kuandika "mteja ameelekezwa".

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Ila niseme kweli, usiku nilipopiga tena alipokea dada mmoja, hakubishana. Aliuliza tu, "Anwani yenu ya IP ni ipi? Nafungua 9103 kwa hiyo peke yake." Hata chai yangu haikuwahi kupoa, bakapu ikaanza kutembea, na kasi yao, lazima nikiri, ni nzuri kuliko wote niliowahi kuwatumia. Nikapandisha hadi nyota nne.

Sasa naandika hapa na kile kicheko kinanirudia. Zahanati imelala bila bakapu usiku kadhaa kwa sababu ya mtu asiyetaka kusikiliza. Nyota mbili, na hizo ni za yule dada. Mkataba unaisha karibuni: akinipigia yeye nitasaini, akinipigia yule kijana sisaini.